Maoni: Kijana, sebene haianzi na mbio

Jumapili moja hapa Goma nilikuwa nimeketi kwenye benchi ya tatu, karibu na bafle, ndani ya kanisa moja ambalo sitalitaja. Kijana wa solo alikuwa katika siku yake. Wimbo wa kwanza ulipoingia kwenye sebene, watu wote walisimama, wamama wakapeperusha leso, hata mzee mmoja mwenye fimbo akaisahau chini ya kiti. Vidole vya kijana vilikuwa vinakimbia kama mtu anayefukuzwa na mvua.

Kisha mama mmoja wa kikundi cha maombi akaanzisha wimbo wa zamani kwa sauti iliyomjia kooni. Hakuna aliyekuwa ameutayarisha. Mpiga kinanda alibonyeza kidude chake cha kuhamisha sauti, akaendelea bila shida. Mpiga besi alitafuta kidogo, akapata. Kijana wa solo aliinama, akasogeza kapo mara moja, mara ya pili, akagusa uzi mmoja, haukukubali. Mwisho alizima sauti ya gitaa, akabaki anaangalia vidole vyake mpaka wimbo ukaisha.

Nafikiri watu wachache waliona. Mimi niliona, kwa sababu miaka kumi na mbili iliyopita kijana huyo alikuwa ni mimi.

Ninaandika haya kwa kuwa ninaona jambo hilo karibu kila wiki, makanisani, kwenye harusi, kwenye matanga na katika vikundi vya mitaa. Tuna vijana wengi wenye vipaji ambao wanajua kupiga sebene tatu au nne kwa sauti moja tu, lakini hawajui gitaa. Maoni yangu ni haya: tunawafundisha vijana wetu kuanzia mwisho. Na wazee wanaojua mwanzo wanatutoka mmoja baada ya mwingine, nasi tunawatazama tu.

Gitaa la solo lina kazi gani?

Kwa msomaji ambaye hapigi muziki, nieleze kidogo. Katika orkestra ya Kikongo magitaa hayafanyi kazi moja. Kuna besi. Kuna akompanyema, ambayo inashika mikordo na kulinda mwendo. Kuna misolo, ambayo inakaa katikati na kurudia kifungu kile kile kama mtu anayesuka kikapu. Halafu kuna solo, ambayo inasema. Inajibu mwimbaji, inafungua wimbo, na mwimbaji anaponyamaza inawachukua watu na kuwapeleka kwenye sebene.

Kwa hiyo mpiga solo ni msemaji, na msemaji anahitaji kwanza kusikia. Anasikia ngoma ya mguu iko wapi, akompanyema imeshika mkordo gani, mwimbaji amebakiza maneno mangapi. Mtu asiyesikia wenzake anaweza kuwa na vidole vya ajabu na bado akaharibu wimbo. Wapiga solo wakubwa wa nchi hii hawakusifiwa kwa mbio tu. Franco Luambo, aliyekuwa kati ya waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956, aliweza kurudia noti chache, mbili mbili kwa pamoja, kwa muda mrefu, na hakuna aliyekaa chini. Nico Kasanda, tuliyemwita Docteur Nico, alikuwa na sauti safi kiasi kwamba kila noti ilisikika peke yake. Hakuna anayepata usafi huo kwa kukimbia.

Mambo ya mwanzo ambayo tunaruka

Jambo la kwanza ni kutengeneza sauti za nyuzi. Nyuzi sita, kutoka ule mnene hadi ule mwembamba, zinaitwa mi, la, re, sol, si, mi. Leo simu inakuonyesha taa ya kijani, unadhani umemaliza. Tumia simu kwa uzi mmoja tu, halafu nyingine zitafute kwa masikio: bana uzi wa mi mnene kwenye kaze ya tano, utapata la, uzi unaofuata ulingane nao. Endelea hivyo hivyo, ila kwa uzi wa si ubane uzi wa sol kwenye kaze ya nne. Dakika tano za kazi hiyo kila siku zinafundisha masikio kuliko video mia moja.

Jambo la pili ni mkono wa kulia. Vijana wote wanaangalia mkono wa kushoto kwa kuwa ndio unaocheza. Lakini sauti inatoka kulia. Mediatori, kile kiplastiki kidogo, ishike kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, incha ndogo tu itokeze. Piga chini, juu, chini, juu, bila kuruka. Ukipiga chini peke yake, siku sebene itakapopanda mkono utachoka kabla ya wimbo. Na upande wa kiganja ujifunze kugusa nyuzi polepole karibu na daraja, ili nyuzi usizozitaka zinyamaze. Sauti chafu tunayosikia makanisani mara nyingi si kosa la bafle. Ni nyuzi zilizoachwa zinalia bila mwenyewe.

Jambo la tatu ni vidole vinne vya kushoto. Weka cha kwanza kwenye kaze ya tano, cha pili ya sita, cha tatu ya saba, cha nne ya nane. Piga moja, mbili, tatu, nne kwenye uzi wa kwanza, kisha wa pili, hadi wa sita, halafu rudi. Kidole kibane karibu na chuma, si katikati ya kaze, na kisiruke mbali na uzi. Mwendo uwe mipigo 60 kwa dakika, yaani mpigo mmoja kwa sekunde. Ukipita mara tatu bila kosa, ongeza mipigo mitano. Ukikosa, rudi nyuma. Kidole cha nne kitauma na kitakataa. Wengi wanakiacha hapo, na miaka kumi baadaye bado wanapiga kwa vidole vitatu.

Jambo la nne ni ngazi ya sauti, ile tunayoiita game. Wanakwaya wote wanaijua kwa mdomo: do, re, mi, fa, sol, la, si, do. Kwenye gitaa unahesabu kaze: mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Anza na do kwenye uzi wa tano, kaze ya tatu, na re kaze ya tano. Panda uzi wa nne: mi kaze ya pili, fa ya tatu, sol ya tano. Panda uzi wa tatu: la kaze ya pili, si ya nne, do ya tano. Umemaliza, na mkono haujasogea. Sasa sikia siri yenyewe: umbo hilo ukilisogeza kaze mbili mbele, unapiga game ya re. Tatu mbele, mi bemoli. Huhitaji kapo. Mama akianzisha wimbo popote, unatafuta noti yake moja, unaweka umbo lako, unaingia.

Kijana wa Jumapili ile alikosa kitu hicho tu, kipaji alikuwa nacho. Ni jambo la majuma matatu, na hakuna aliyemwambia.

Jambo la tano ndilo linalofanya gitaa letu liwe letu: noti mbili kwa pamoja. Bana do kwenye uzi wa pili, kaze ya kwanza, na uache uzi wa kwanza wazi, ambao ni mi. Kisha re na fa: uzi wa pili kaze ya tatu, wa kwanza kaze ya kwanza. Kisha mi na sol: kaze ya tano na ya tatu. Kisha fa na la: ya sita na ya tano. Endelea kupanda. Yeyote aliyekulia Kongo atatabasamu kabla ya kufika juu, kwa sababu masikio yake yanakujua huko. Wanakwaya wawili wakiimba, mmoja chini na mmoja juu, ndivyo wanavyofanya. Gitaa la rumba limeiga watu wanaoimba pamoja.

Baada ya hayo ndipo uje kwenye mapambo: kuteleza kutoka kaze hadi kaze, kugonga noti kwa kidole cha kushoto bila mediatori, kuivuta, kuitetemesha. Na baada ya mapambo, sebene.

"Lakini Franco hakusoma shule ya muziki"

Kila nikisema haya, kuna anayenijibu hivyo. Kijana mmoja wa mtaa wetu aliniambia wazi: "Yaya, miye nataka tu sebene. Ile mambo ya game ni ya wazungu. Franco alisoma wapi?"

Ni swali zuri, na linastahili jibu la kweli. Franco hakukaa kwenye darasa la muziki, ndiyo. Mama yake aliuza mikate sokoni, na yeye alianza na gitaa la kopo alilojitengenezea, kama watoto wetu wanavyofanya hadi leo kwa bidoni na nyaya za breki ya baiskeli. Lakini hakujifunza peke yake. Paul Ebengo, aliyeitwa Dewayon, alikuwa na gitaa la kweli na akamwonyesha. Baadaye kwenye studio ya Loningisa alikaa karibu na Henri Bowane, fundi wa siku zile. Nico alikuwa na kaka yake mkubwa, Charles Mwamba aliyejulikana kama Dechaud, naye mpiga gitaa. Wawili hao walikuwa pamoja katika African Jazz ya Joseph Kabasele, kundi lililokwenda Bruxelles mwaka 1960 wakati wa meza ya duara na kurekodi huko wimbo wa uhuru ambao Afrika nzima iliucheza.

Kwa hiyo walisoma. Shule yao ilikuwa kaka, jirani, bosi wa studio. Walikaa karibu na mkono wa mtu mwingine, wakauangalia, wakakosolewa siku hiyo hiyo. Ukiondoa shule ya darasani na pia ukaondoa kaka mkubwa, kijana anabaki na nini? Anabaki na simu.

Sisemi simu ni adui. Kuna masomo mazuri kwenye intaneti na wengine wetu yametusaidia. Ubaya wa simu ni kwamba haikuangalii. Haikwambii kwamba kidole gumba kimepinda, kwamba unakimbia mbele ya ngoma, kwamba umepita mahali ambapo ulitakiwa kunyamaza. Kijana anaona sekunde thelathini za mtu anayepiga kwa kasi, anaziiga kaze kwa kaze, anazipeleka kanisani. Amepata maneno ya mtu mwingine bila kujua lugha. Siku mazungumzo yakibadilika, anakosa la kusema.

Sisi wa mashariki tuna kitu cha kulinda

Mara nyingi tunaongea kana kwamba gitaa la Kongo lilizaliwa Kinshasa tu. Hapana. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana mwenyeji wa Bunkeya aitwaye Mwenda wa Bayeke Jean Bosco. Alikuwa anapiga kwa kidole gumba na cha shahada peke yake, besi na solo kwa pamoja, watu wa nchi nyingine wakadhani magitaa ni mawili. Na aliimba kwa Kiswahili. Edouard Masengo na Losta Abelo walitoka katika Katanga hiyo hiyo. Remmy Ongala, mzaliwa wa upande wa Kindu, alivuka na gitaa lake mpaka Dar es Salaam na akafa huko mwaka 2010 akiwa ni kipenzi cha Watanzania. Orkestra za watu wa kwetu zilijaza kumbi za Nairobi na Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980. Kiswahili tunachoandika hapa kina muziki wake wa gitaa, na muziki huo ulianzia kwetu.

Tarehe 14 Desemba 2021, Unesco iliweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Tulishangilia, nami niliandika habari hiyo kwa furaha. Lakini urithi wa namna hii hauwezi kuwekwa kwenye kabati kama cheti. Unakaa kwenye vidole vya mtu. Mtu huyo akifa bila kuonyesha, karatasi ya Unesco haitapiga solo.

Na hapa lazima nikiri kosa langu.

Nilipokuwa nasoma uandishi wa habari Bukavu, nilifundishwa gitaa na mzee mmoja wa Kadutu ambaye alipiga solo katika orkestra za mji wakati wa Zaïre. Mchana alikuwa anatengeneza redio. Jioni alinikubali kwenye kibaraza chake, umeme ukiwepo au usipokuwepo. Alipenda zaidi usipokuwepo. Alisema gitaa bila bafle halina pa kujificha. Kwa miezi miwili hakuniruhusu kupiga wimbo hata mmoja. Nilipolalamika alisema: "Mutoto yangu, gitaa haina haraka. Ni weye uko na haraka." Nilipomaliza masomo nilihamia Goma. Nilimwahidi kwamba nitarudi na kinasa sauti changu ili anionyeshe vifungu vyote vya zamani, pamoja na majina ya waliovitunga. Nilikwenda kwenye mikutano ya waandishi, kwenye kambi za wakimbizi, kwa wabunge, kwa magavana. Niliwarekodi watu wengi ambao leo hata wao hawakumbuki walichosema. Yeye sikumrekodi. Alifariki, na vifungu vile vikaenda naye. Mimi ninavyo labda vitano, na kimoja sina hakika kama ninakipiga vile alivyotaka.

Kazi yangu ni kurekodi watu, na yeye nilimwacha. Ndiyo sababu sina haki ya kuwalaumu vijana peke yao.

Tufanye nini?

Kwanza, makanisa. Tuseme ukweli, kanisa ndilo shule kubwa ya muziki iliyobaki katika miji yetu. Lina vyombo, lina chumba, lina vijana kila jioni. Lakini makanisa mengi yananunua kinanda chenye ngoma ndani, halafu yanasema hayana franka za kumlipa mtu anayefundisha. Pesa za kifaa kimoja kikubwa zinaweza kumpa mzee mmoja nauli na chakula kwa muda mrefu, afundishe jioni mbili kwa juma. Wachungaji na viongozi wa kwaya, wekeni jambo hilo kwenye mkutano wenu ujao. Na kijana asipewe solo siku ya ibada kabla ya kuonyesha kwamba anaweza kupiga wimbo mmoja katika sauti tatu bila kapo.

Pili, wazazi. Kijana anayepiga vidole vinne polepole nusu saa kila jioni anasomba, najua. Mvumilieni. Kelele hiyo ni ya mtu aliyeketi nyumbani. Katika miji yetu, ambako kijana ana milango mingi mibaya ya kupita, nusu saa hiyo si kitu kidogo. Na wasichana nao wapewe gitaa. Tunawaweka mbele waimbe, halafu tunashangaa kwamba hakuna anayepiga. Vidole havijui kama ni vya kaka au vya dada.

Tatu, vituo vya utamaduni na wakuu wa miji. Kuna vituo vichache vinavyofundisha, hapa Goma na Bukavu, na kazi yao ni ya kusifiwa. Lakini kijana wa Uvira, wa Butembo, wa Kindu au wa Kalemie anafika wapi? Tamasha linapita kwa siku tatu na watu wanarudi makwao. Kila tamasha lingeacha nyuma darasa moja la gitaa na mwalimu mmoja, tungekuwa mbali.

Nne, na hili ni letu sote: kila mmoja wetu anamjua mzee mmoja aliyewahi kupiga. Yuko kwenye mtaa, anatengeneza viatu, analinda nyumba, anauza karadha. Nenda kwake juma hili. Weka simu juu ya meza, si kwa kutazama, bali kwa kurekodi. Mwambie apige polepole. Muulize aliyemfundisha ni nani. Muulize jina la kila kifungu.

Kijana yule wa Jumapili nilimngoja nje ya kanisa. Alidhani nataka kumkosoa, akaanza kuomba radhi kabla sijasema neno. Nilimwomba gitaa, nikamwonyesha lile umbo la do, kisha nikalisogeza kaze mbili. Alinyamaza. Akalisogeza mwenyewe tena, akatafuta ule wimbo wa mama, noti kwa noti, polepole kabisa, bila bafle, watu wakipita na Biblia zao.

Aliupata. Hakuna aliyecheza wala kupeperusha leso. Lakini kila noti ilisikika peke yake.